Kiti cha Boti na Mnyoo Nilioumeza

Niliwahi kumeza mnyoo wa plastiki mbele ya baba mkwe wangu. Naanza na hilo tumalizane nalo, maana nikianza kusimulia kwa mbali watu wa nyumbani kwangu wananikatiza: "Fika kwenye mnyoo." Basi tumefika. Ulikuwa rangi ya kahawa iliyokolea, una mkia wa kujisokota, chumvi ndani yake, na harufu kama pipi za kikohozi. Sikuumeza wote, niliumeza nusu. Ile nusu nyingine ilibaki kwenye ndoano, na ndiyo iliyokuwa na bahati kati yetu.

Kilichonifikisha hapo ni wivu. Na wala si wivu wa mapenzi, ule angalau una heshima yake, mtu anaweza hata kupigiwa taarabu. Mimi nilikuwa na wivu wa kiti, tena kiti cha mbao, kina msumari uliochomoza, kwenye boti kuukuu ya bati. Nilikitaka kile kiti kuliko nilivyowahi kutaka cheo kazini, na kazini kwenyewe nilikuwa mlinzi mlangoni kwenye duka la fanicha, ambako viti vilikuwa tele.

Mke wangu nilimpata Morogoro. Wazazi wake walikuwa wakimbizi wa siasa kutoka Afrika Kusini, yeye na mdogo wake wakakulia kule kule kwetu Tanzania. Mwaka tisini na nne mambo yalipobadilika familia nzima ikarudi kwao, na mimi nikarudishwa pamoja na masufuria, ingawa nilikuwa sijawahi kutoka huko. Wazee wakakaa Soweto. Mimi na mke wangu tukapanga chumba Bertrams, karibu na uwanja mkubwa, tukawa tunajua matokeo ya mechi kwa kelele kabla redio haijasema.

Baba mkwe ni mtu wa maneno machache. Kiswahili chake ni cha Morogoro, kimewekewa "wena" na "eish" kama mchuzi uliotiwa pilipili mwishoni. Ujanani kabla hajakimbia alifanya kazi kwenye bwawa moja la kaskazini, mbele huko baada ya Pretoria, kwenye joto na miiba. Alikuwa anawapigia kasia wazungu wanaovua besi, wale samaki wa mdomo mpana. Kushika fimbo ya kuvulia hakuruhusiwa. Kazi yake ilikuwa kasia, kimya, na kusema "yes baas." Aliporudi nchini, kabla hajanunua kochi, alinunua boti. Mama mkwe alikalia ndoo miezi kadhaa na hajasahau mpaka leo.

Kwa hiyo Jumamosi, mzee akikuambia "panda", hakuwa anakuambia upande boti tu. Mimi nilielewa hivyo, na niliamini kuwa kati ya watu wote duniani ananitaka mimi. Miaka ile yote kiti cha pili kilikuwa changu. Tunatoka alfajiri na baki yake, yaani pikapu, boti inaruka ruka nyuma, tunapita robot, zile taa za barabarani, moja baada ya nyingine zikiwa bado zinatuwakia sisi peke yetu, mimi napiga domo mpaka tunafika. Nilijiona mshindi. Baadaye ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nashinda mashindano ya mtu mmoja, maana mkwe mwingine hakuwepo.

Akaja. Kama mwaka elfu mbili na mbili hivi, shemeji yangu, yule mdogo wa mke wangu, akaolewa na fundi cherehani Mkongo kutoka Lubumbashi. Akawa mwanyumba wangu, yaani tumeoa ndugu wawili, nyumba moja. Kijana mrefu, mpole, nguo zake zimenyooka hata akitoka kulala. Ndani ya wiki chache baba mkwe alikuwa na shati jipya, mama mkwe ana gauni, na mke wangu ananiambia, "Umeona ile kola?" Niliiona. Niliiona mpaka macho yakaniuma.

Jumamosi ya kwanza mzee akamleta. Boti ni ya wawili, mzee mwenyewe alikuwa hataki kusikia zaidi ya hapo. Anayekosa kiti anabaki ukingoni, anawasha mkaa, anachoma soseji na kusonga pap, ule ugali wao, mpaka wenzake warudi. Sasa nani apande?

Mzee akaweka utaratibu. Tukifika bwawani, kila mmoja anaangalia maji, anaangalia mbingu, anachagua chambo chake anachoona kinafaa siku hiyo. Halafu tunasimama mbele yake, yeye anasema, "Fungueni mikono." Tunafungua. Anatazama kiganja cha huyu, anatazama maji, anatazama kiganja cha yule. Kisha anasema neno moja tu, "Wena," yaani wewe, kwa mmoja wetu, na mwingine anakwenda kutafuta kiberiti.

Hapo lazima nieleze hiki chambo, kwa mtu asiyekijua. Besi hadanganyiki sana kwa mkate wala utumbo. Anataka kitu kinachotembea. Wenye ujuzi wanatumia vidude vya plastiki laini, vinalegea kama ulimi wa ng'ombe: kuna minyoo, mijusi, kamba wa maji baridi, visamaki. Ndoano unaificha ndani ya mwili wa mnyoo ili usikamate majani, mbele unatanguliza kichubwi cha risasi, unatupa, unauvuta polepole chini kabisa kama mtu anayetoka kanisani kabla ya sadaka. Ukienda dukani, ukuta mzima ni pakiti. Kila rangi Mungu aliyoiumba, na nyingine aliziumba mwenye duka.

Mimi nilichagua kwa moyo. Mzee alikuwa shabiki wa timu moja ya Soweto, siitaji, anaipenda kuliko dawa zake za presha. Nikanunua minyoo yenye rangi za timu ile, yote. Nilihesabu hivi: mzee akifungua kiganja changu atakutana na timu yake, atanipenda. Kwamba samaki hana timu, hilo halikunijia kabisa. Nilikuwa namvua mzee.

Mwanyumba alichagua kama fundi. Nilikwenda naye dukani mara moja nikaona aibu kwa niaba yake. Kila pakiti anayoichukua anatoka nayo mpaka mlangoni, kwenye jua, anaigeuza geuza, anarudi. Mwenye duka anamwangalia kama mwizi.

"Shemeki," ananiambia, "taa ya ndani inadanganyaka. Kitambaa unakiangalia inje."

"Hiki si kitambaa."

"Rangi ni rangi."

Na bwawani alikuwa na chupa ya jemu. Anachota maji ya siku hiyo, anatumbukiza mnyoo, anainama, anauangalia kwa ubavu. Maji yakiwa meupe anachagua kijani iliyofifia kama ngozi ya boga. Maji yakiwa ya tope baada ya mvua anachukua nyeusi au kahawa, kitu chenye kivuli. Baridi ikiwepo, kidogo na chembamba, anakivuta kama mgonjwa. Joto, kirefu chenye mkia wa fujo. Nikamwambia mzee kwa sauti ya utani, "Baba, huyu anapiga ramli." Mzee hakucheka. Alikuwa anaitazama ile chupa.

"Fungueni mikono."

Changu: rangi za timu, zinang'aa. Chake: kitu kama uchafu wa kucha.

"Wena," mzee akasema. Kwa uchafu wa kucha.

Nikawasha mkaa. Jumamosi iliyofuata nikawasha mkaa. Nikawa mtaalamu wa mkaa. Nilikuwa nakaa ukingoni na koleo mkononi natazama migongo miwili katikati ya bwawa, imetulia, haisemezani, na ule ukimya ulinichoma kuliko soseji. Mimi na mzee hatukuwahi kukaa kimya vile. Nikasema moyoni, tazama, wameshafika mahali hawahitaji hata maneno. Wakirudi nawapakulia chakula, natoa utani wote niliouandaa kutwa nzima, mzee anacheka mpaka anaweka sahani chini, mwanyumba anakula huku ameinama. Nilihisi nalipwa mshahara wa mpishi.

Na kibaya zaidi hata samaki hatuli! Mzee anamtoa besi mkubwa kama paja la mtoto, anamshika mdomo wa chini, anamwangalia machoni, anamrudisha majini. Mimi nimezaliwa jirani ya Ziwa Victoria. Kwetu samaki akishaingia mkononi safari yake ni moja tu. Kwa hiyo nilikuwa namwonea wivu mtu anayerudi mikono mitupu kama mimi. Hilo nalo lilinikasirisha, kwamba hata hasara yangu haikuonekana.

Sasa, mwisho wa mwaka mmoja, joto la Desemba, nikaamua kurudi kwenye mashindano kwa nguvu. Nikanunua sanduku la plastiki gumu, lina vyumba vingi, kifuniko cha kuonyesha ndani. Nikanunua minyoo ya kila aina, na ile ya uchafu wa kucha pia, maana kiburi nacho kinachoka. Nikaitoa yote kwenye pakiti zake. Nikaipanga: mijusi huku, minyoo huku, kamba kule, nyekundu na kijani na ya zambarau, nyingine ngumu kidogo, nyingine laini kama makamasi. Nikaenda kwa mzee nikamwomba na ya kwake niipange humo. Akanipa yote. Yote! Nilirudi Bertrams kwenye teksi nimelikumbatia lile sanduku kama mtoto mchanga. Kichwani niliona kila kitu: mzee anafungua, anashangaa, anasema wena.

Mwanyumba alipita nyumbani siku ile kuleta sketi ya mke wangu. Akaliona sanduku. Akalifungua, akanusa.

"Shemeki, hapana weka pamoja. Kila moja ibakiye mu kifuko yake."

"Kwa nini?"

"Sijue kusema vizuri. Bile bitu habipatanake."

Nikamwambia asante sana, hilo la vitu kutopatana nitalifikiria. Alipotoka nikamwambia mke wangu, "Umemwona? Sanduku limemuuma."

"Limemuuma vipi, mtu kakupa ushauri?"

"Wivu huo mama. Mimi wivu naujua."

Kweli naujua. Ila siku ile nilikosea mwenye nao. Nikaliweka sanduku dirishani, jua lilipigie, ili wapita njia nao waone. Likakaa hapo wiki nzima.

Jumamosi tukaenda. Mvua ilikuwa imenyesha kule juu, maji yamegeuka rangi ya chai ya maziwa. Nikatoa sanduku langu kwenye baki taratibu, nikaliweka juu ya boneti mbele ya mzee, nikasema, "Baba, karibu dukani."

Mzee akafungua.

Hakukuwa na minyoo. Kulikuwa na keki. Mijusi ilikuwa imeingia ndani ya kamba, nyekundu imekunywa zambarau, vyumba vyote vimekuwa ukumbi mmoja, na chini sanduku lenyewe limelainika limekamata uji ule kwa nguvu zote. Jicho moja la kisamaki lilikuwa limebaki juu, linanitazama. Baadaye mwenye duka alinieleza: plastiki laini za aina tofauti zikigusana zinayeyushana, na zinayeyusha hata sanduku lisilo la aina yake, joto likiongezeka ndiyo basi tena. Ndiyo maana zinauzwa kwenye vifuko vyake. Kila mtu aliyewahi kuvua besi analijua hilo. Fundi cherehani alilijua kwa kunusa.

Mzee alichovya kidole. Akakivuta. Uzi mrefu wa rangi rangi ukafuata.

"Na ya kwangu imo humu?"

"Imo, Baba."

"Wapi?"

Sikuweza kumwonyesha. Alikuwa na macho ya mtu aliyekalisha mke wake kwenye ndoo kwa ajili ya mambo haya. Nilitafuta utani, mimi ambaye sikosi utani hata msibani, sikuupata.

Akasema, "Sharp," yaani sawa. "Fungueni mikono."

Mimi nikasimama na mkono wangu mtupu, nimeufunga ngumi kama mtoto aliyeficha sukari. Mwanyumba akatia mkono mfukoni, akatoa kifuko, akaingia kati yangu na mzee kama anayetafuta kitu chini. Nikasikia kitu chenye ubaridi kinasukumwa kwenye ngumi yangu.

"Kamata," akanong'ona. "Fungua."

Nikafungua. Viganja viwili, minyoo miwili ya rangi ya kahawa, pacha. Mzee akatazama kimoja, akatazama kingine. Akatazama maji. Akatutazama sisi. Bila shaka aliona kila kitu, mtu aliyeishi ukimbizini anajua mkono unaopitisha kitu.

"Eish," akasema. "Leo mmefanana. Pandeni wote."

"Boti si ya wawili, Baba?" nikauliza, mjinga mimi.

"Ilikuwa."

Tukapanda watatu. Boti ikazama mpaka maji yakawa yanatuchungulia. Mzee nyuma, mwanyumba kwenye kiti changu, kile cha msumari, na mimi katikati juu ya betri ya mota, nimekunja magoti mpaka masikioni. Nilikuwa nimepanda, ndiyo, lakini nimepanda kwa mnyoo wa kuombwa. Nilitamani hata mkaa.

Mwanyumba akatupa, akavuta, akapata. Akarudisha samaki majini. Kichwa cha mnyoo wake kilikuwa kimechanika, ndoano haishiki tena. Basi akafanya kitu nilichokuwa sijakiona kutokea ukingoni: akautia mdomoni, akakata kile kipande kilichochanika kwa meno, kama fundi anavyokata uzi, akakitema kwenye kopo, akaufunga upya ukiwa mfupi kidogo. Safi. Haraka. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, kidogo tu, lakini mimi nilikuwa naishi kwa vitu kama hivyo.

Muda si mrefu na mimi nikaguswa. Nikavuta, samaki akatoroka, mnyoo ukarudi umechanika kichwa. Nikasema, hapa hapa. Nikautia mdomoni kwa madaha yote, jicho moja kwa mzee nione kama anaona. Nikauma. Ladha ya chumvi na pipi ya kikohozi ikanipanda puani, nikataka kusema kitu cha kuchekesha huku nimeuma, boti ikayumba, na kile kipande kikashuka.

Nilikisikia kinashuka. Kilikuwa na mbwembwe hata huko.

"Ametema wapi?" mzee akamwuliza mwanyumba.

"Hatemi, Baba."

Mzee akanitazama. "Wena. Umemeza?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Machozi yananitoka, mkono mmoja kifuani, mwingine umeshika fimbo yenye nusu ya mnyoo inayoning'inia. Mzee akanipiga mgongoni mara kadhaa kwa kiganja kama anapiga godoro.

"Una ladha gani?"

Nikakohoa, nikameza mate. "Baba," nikasema, "ukiwa na pap, unakwenda."

Mzee akaanza kutetemeka. Nilidhani ni hasira, kwa ajili ya minyoo yake iliyokuwa keki. Kumbe kicheko kilikuwa kinatafuta mlango. Kilipotoka, boti ilicheza mpaka maji yakaingia, akawa anajipiga paja anasema "unakwenda, unakwenda," machozi yanamtoka, watu wa boti nyingine kule mbali wakageuka kutazama. Mzee huyu aliyewapigia wengine kasia bila neno, kwenye maji haya haya.

Mwanyumba hakucheka. Alikuwa amegeukia upande wa pili, anaangalia majani ya ukingoni, mgongo umenyooka kama shati lake. Nikajua ananidharau. Nikajua pia kwamba kiti kimekwenda moja kwa moja: mtu aliyeyeyusha chambo cha mzee na kumeza cha mwenzake haitwi tena wena. Njia nzima ya kurudi nilikaa nyuma ya baki pamoja na boti, kwa hiari yangu.

Jumatatu nikaenda kunyoa Troyeville, kwa rafiki yangu Mkenya mwenye kibanda cha kinyozi. Nikamsimulia yote: keki, mnyoo, yule jamaa alivyogeuza mgongo. Nikamwambia, ndugu yangu, mimi basi, kiti amekichukua. Yeye alikuwa anacheka tangu kwenye keki, ikabidi azime mashine.

"Tulia, nitakutoa sikio," akasema. Halafu akapuliza nywele kwenye mashine, akaniangalia kwenye kioo. "Huyo Mkongo wenu alikuwa hapa jana. Amekaa hapo hapo umekaa. Unajua ameniuliza nini? Ati wewe hufanya nini ndio mzee acheke. Anasema amekaa na yeye kwa boti wawili tu mwaka mzima, hajawahi kuona meno yake. Anasema kule kwa maji ni kimya tu, lakini mzee akirudi kwako kwa moto, ni kicheko. Jamaa alikuwa karibu kulia."

"Wewe ukamwambiaje?"

Akawasha mashine tena, akanishika kichwa akakiinamisha.

"Nimemwambia ameze mnyoo. Lakini aanze na ile midogo."